Sedani ya kifahari ya ukubwa wa kati: petroli, dizeli au haibridi, ipi itakunywa kidogo kwenye njia yako?

Chukua Lexus ES 350 na Lexus ES 300h, zote za mwaka 2019, uziegeshe sambamba. Bodi ni moja, viti ni vile vile, hata anayeziosha kila wiki anaweza kuzichanganya. Ya kwanza ina injini ya petroli ya silinda sita, lita 3.5, nguvu za farasi 302. Ya pili ni haibridi: ina injini ya silinda nne, lita 2.5, ikisaidiwa na mota za umeme, na jumla yake ni farasi 215. Kwa vipimo vya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ukizipeleka barabara kuu kilomita 1,000, ES 350 itatumia takriban lita 71 na ES 300h lita 52. Tofauti ni lita 19. Sasa zirudishe mjini, kwenye kusimama na kuondoka, kilomita 1,000 vile vile. ES 350 inapanda hadi lita 107. ES 300h inabaki kwenye 55. Tofauti imefika lita 52.

Magari yanatoka kampuni moja na yanabeba jina moja, lakini faida ya moja juu ya jingine inakaribia kuwa mara tatu kwa sababu ya barabara tu. Ndiyo maana nikiulizwa "sedani gani ya kifahari haili mafuta?" huwa nauliza kwanza: asubuhi unatoka saa ngapi, na unakaa kwenye foleni dakika ngapi? Watu hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Jibu limo humo.

Hesabu ifanywe kwa lita

Tumezoea kusema kilomita kwa lita, na kwenye mazungumzo haina shida. Kwenye kuchagua, kipimo hicho kinadanganya macho. Anayetoka kwenye gari la kilomita 8 kwa lita akaingia la 10 anaona ameongeza 2 tu. Anayetoka 16 akaingia 20 anaona ameongeza 4, kwa hiyo anajiona amefanya vizuri zaidi. Piga hesabu ya safari ya kilomita 1,000. Wa kwanza alikuwa anatumia lita 125, sasa anatumia 100, ameokoa 25. Wa pili alikuwa kwenye 62.5, sasa 50, ameokoa 12.5. Yule aliyeonekana amepiga hatua ndogo ameokoa mara mbili ya mwenzake.

Kwa hiyo humu ndani nitatumia lita kwa kilomita 1,000. Kuibadilisha ni rahisi: gawanya 1,000 kwa kilomita kwa lita. Ukikuta karatasi ya gari la Ulaya imeandikwa lita kwa kilomita 100, zidisha kwa 10. Ukikuta maili kwa galoni, tulia kwanza uulize ni galoni ya nani. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Gari moja likiandikwa kwa galoni ya Uingereza linaonekana bora kwa asilimia 20 bila kuguswa hata bolti moja.

Namba za karatasi

Hapa ndipo watu wengi huumia, hasa wanunuzi wa magari yaliyokwisha tumika, kwa sababu kipimo cha zamani kinabaki kwenye matangazo hata baada ya kuachwa.

Mercedes E 220 d ilipotoka mwaka 2016 na injini mpya ya dizeli ya lita 2.0, namba rasmi ilikuwa lita 3.9 kwa kilomita 100. Hiyo ni zaidi ya kilomita 25 kwa lita, kwa gari kubwa la kifahari lenye uzito unaozidi tani moja na nusu. Namba ile ilipimwa kwa utaratibu wa NEDC: dakika 20 maabara, kilomita 11 hivi, wastani wa mwendo kama kilomita 34 kwa saa. Kuanzia Septemba 2017 Ulaya ilianza kuhamia utaratibu mgumu zaidi, WLTP, na mwaka mmoja baadaye ikawa lazima kwa magari yote mapya. Jaribio sasa ni dakika 30, kilomita 23, na mwendo unafika 131 kwa saa. E 220 d ya kizazi kilichofuata, iliyo bora kuliko ile, kwenye kipimo hiki inakaa karibu na lita 5. Gari halikuharibika; kipimo ndicho kilichoacha kulibembeleza.

Japani nako ni hivyo hivyo. Toyota Crown ya 2018, haibridi ya lita 2.5, ilitangazwa kwa namba mbili kwa gari lile lile: kilomita 24.0 kwa lita kwa JC08, kipimo cha zamani cha Japani, na 20.0 kwa WLTC, kipimo kipya kilicho ndugu wa WLTP ya Ulaya. Anayenunua Crown kwa kutazama ile ya 24 atakuja kulaumu gari lisilo na kosa.

Hata WLTP haijafika barabarani. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa ripoti iliyotokana na vifaa vya kuhesabu mafuta vilivyomo ndani ya magari yenyewe, yale yaliyosajiliwa 2021. Magari ya petroli na dizeli yalikuwa yakitumia karibu asilimia 20 zaidi ya namba ya karatasi. Kwa hiyo mimi hufanya hivi: namba ya EPA naichukua karibu kama ilivyo, ya WLTP naiongezea moja ya tano, ya JC08 naipunguza karibu theluthi moja ya kilomita zake, na ya NEDC siisomi kabisa.

Zikiwekwa pamoja, kwa EPA, lita kwa kilomita 1,000:

| Gari | Mjini | Barabara kuu | Mchanganyiko |
|---|---|---|---|
| Lexus ES 300h (2019), haibridi | 55 | 52 | 53 |
| BMW 530i (2021), petroli yenye tabo (turbo) | 94 | 71 | 84 |
| Lexus ES 350 (2019), petroli, silinda sita | 107 | 71 | 90 |

Itazame safu ya katikati. Injini ya BMW ni ya lita 2.0, silinda nne. Ya ES 350 ni lita 3.5, silinda sita. Kwenye barabara kuu zote zimetua kwenye 71. Mtu anayeogopa silinda sita kwa sababu "inakula" anaogopa kitu ambacho, kwenye safari ndefu ya mwendo wa kutulia, hakipo. Na kuna jambo ambalo halionekani kwenye jedwali: BMW inadai petroli ya daraja la juu, ES 350 inaridhika na ya kawaida. Kwa msafiri wa barabara kuu, silinda sita hapo inaweza kuwa nafuu kuliko nne, ingawa muuzaji atakuambia kinyume.

Petroli yenye tabo

Hii ndiyo injini utakayokutana nayo mara nyingi zaidi kwenye daraja hili: BMW 530i, Mercedes E-Class za silinda nne, Audi A6, Genesis G80 ya lita 2.5. Wazo lake ni zuri. Injini ndogo hutumia kidogo unapokwenda taratibu, na ukitaka nguvu, tabo inasukuma hewa ndani na injini ndogo inakuwa na kifua cha injini kubwa. Shida ni kwamba hewa ile inataka mafuta yake. Ukikanyaga, unakunywa kama mwenye injini kubwa, na pengine zaidi, maana kompyuta huongeza petroli ili kupoza chumba cha mwako. Hakuna gari kwenye ulinganisho huu linalotegemea mguu wa dereva kama hili. Madereva wawili wa 530i moja wanaweza kuachana kwa lita 20 kwa kilomita 1,000, na wote wakaapa wanaendesha kawaida.

Usipunguze daraja la mafuta ukidhani unaokoa. Injini ya tabo ina mgandamizo mkubwa; ikipata petroli dhaifu inaanza kugonga, sensa inasikia, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inapungua, nawe unakanyaga zaidi kuifidia. Ulichookoa kwenye pampu kinatokea kwenye bomba la moshi.

Nyingi za karibuni zina mfumo wa volti 48, wanaouita haibridi nyepesi. Unazima injini mapema unapokaribia kusimama, unaiwasha bila mtikisiko, unasaidia kidogo kuondoka. Ni kitu kizuri kwa ulaini, lakini usiununue kwa jina la haibridi. Hauwezi kulisukuma gari peke yake kama haibridi kamili.

Haibridi kamili

Kuelewa kwa nini ES 300h haibadiliki sana kati ya mjini na barabara kuu, fikiria kijiko cha chakula. Sedani ya kilo 1,700 ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa imebeba nguvu ya mwendo ambayo injini ya petroli iliichoma kama mililita 25 hadi 30 kuitengeneza. Ni vijiko viwili. Ukikanyaga breki mpaka ukasimama, vijiko viwili vile vimekuwa joto kwenye diski na vimepotea hewani. Simama hivyo mara 40 kwenye safari ya kwenda na kurudi kazini, umemwaga lita moja na ushei bila kwenda popote. Kwenye haibridi, unapoachia mafuta au kugusa breki, mota inageuka jenereta, na sehemu kubwa ya vijiko vile inarudi kwenye betri kukuondosha taa ikiwaka kijani.

Na kuna foleni yenyewe. Injini ya petroli ya lita 2.0 ikiunguruma bila kwenda hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, zaidi kidogo kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Kaa ndani ya haibridi foleni ikiwa imekaza: injini inakata, kinabaki kivumo chembamba cha feni, kiyoyozi kinaendelea kupuliza kwa umeme, magari yanasogea mita tano nawe unasogea mita tano kimya. Baada ya dakika kadhaa betri inashuka, injini inawaka yenyewe kidogo, inaijaza, inazima tena. Nimekaa kwenye foleni ya dakika 50 na kuhesabu kwa saa ya mkononi: injini iliwaka kwa jumla ya dakika zisizofika 15.

Barabara kuu faida inapungua kwa sababu hakuna cha kuvuna. Husimami, hukanyagi breki. Kinachobaki ni injini yenyewe, ambayo imetengenezwa kwa mzunguko wa Atkinson. Vali ya kuingizia hewa inachelewa kufunga, kwa hiyo gesi inatanuka zaidi kuliko ilivyogandamizwa, na joto jingi zaidi linageuka kazi. Toyota inaitaja injini hiyo ya lita 2.5 kuwa na ufanisi wa joto wa asilimia 41 kwenye mwendo unaoifaa. Kwa injini ya petroli hiyo ni juu sana.

Ina kasoro, nami sitaificha. Panda nayo mlima mrefu ikiwa na watu wanne na mizigo, injini inapanda mizunguko na kubaki juu ikiunguruma kwa sauti moja, kitu ambacho hakiendani na ukimya unaoutarajia kwenye gari la kifahari. Anayependa gari linaloshika kona na kuitikia mara moja hatafurahi.

Kwa anayenunua lililotumika, kuna kitu kimoja kidogo ambacho watu wengi hawakijui. Betri ya haibridi hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na kwenye nyingi ya hizi tundu la hewa liko pembeni ya kiti cha nyuma. Tundu hilo lina wavu au kichujio. Vumbi, nyuzi za mazulia na nywele hukaa pale. Likiziba, betri inapata joto, kompyuta inaipunguzia kazi, injini inawaka mara nyingi zaidi, na mwenye gari anaona mafuta yamepanda bila taa yoyote kuwaka. Kuusafisha ni kazi ya dakika kumi. Ukienda kukagua gari, inama, weka tochi, tazama pale kabla hujatazama rangi.

Dizeli

Dizeli ni ya msafiri. Mgandamizo wake ni mkubwa, haina kizuizi cha hewa kama petroli, na ikifika kwenye mwendo wake inakwenda kwa mizunguko ya chini kana kwamba haina haraka. E 220 d au BMW 520d, kwa WLTP iliyoongezewa moja ya tano, zinakaa kwenye lita 60 hivi kwa kilomita 1,000. Ukijaza tangi la lita 60 unasafiri kutwa nzima bila kutafuta kituo. Katika mchanganyiko wa kawaida haibridi inaifikia na hata kuipita, lakini kwa mwendo wa 110 au 120 saa tano mfululizo, mizigo nyuma, mlima kushuka mlima kupanda, mimi ningechagua dizeli bila kusita.

Ila usilinganishe lita ya dizeli na ya petroli kana kwamba ni kitu kimoja. Lita ya dizeli ina nishati zaidi, na ikiungua hutoa takriban kilo 2.65 za kaboni dioksidi, wakati ya petroli hutoa kama 2.3. Dizeli ya lita 50 na haibridi ya lita 50 hazijalingana kwenye moshi.

Na kuna chujio la masizi kwenye bomba lake. Masizi yanajikusanya, kisha kompyuta inaongeza mafuta kupandisha joto mpaka karibu nyuzi 600 ili yaungue yageuke majivu. Hilo linahitaji safari ya mwendo wa kutulia, dakika 15 au 20. Mtu anayepeleka watoto shule kilomita nne na kurudi anaikatisha kazi hiyo kila siku. Mafuta yanaongezwa bure, mengine yanapenya kwenye oili, chujio linaziba, na ile sifa ya kula kidogo inaishia kwenye karakana. Dizeli hizi pia zinataka mafuta yenye salfa kidogo sana. Ulaya kiwango ni sehemu 10 kwa milioni. Pasipokuwa na uhakika wa mafuta hayo, usiingie.

Kwa hiyo dizeli ya kifahari iliyokaa mjini maisha yake yote na kuonyesha kilomita chache kwenye dashibodi, ambayo wengi wataiona kama bahati, mimi naiogopa kuliko ile yenye kilomita nyingi za barabara kuu.

Haibridi ya kuchaji

Hii ni haibridi yenye betri kubwa zaidi, unayoichomeka kwenye soketi. Hapa karatasi inasema uongo mkubwa kuliko zote, na mnunuzi anausaidia.

BMW 530e ya 2021 ina betri ya kilowati-saa 12. EPA inaipa maili 21 kwa umeme, karibu kilomita 34. Kama safari yako ya siku nzima inaingia ndani ya kilomita hizo na una pa kuchomeka kila usiku, unaweza kumaliza wiki hujaona kituo cha mafuta. Hakuna gari jingine humu linaloifikia kwa hilo.

Lakini usipoichaji? EPA inaipa maili 26 kwa galoni kwa petroli peke yake, yaani lita 90 kwa kilomita 1,000. Ndugu yake 530i, asiye na betri wala waya, yuko kwenye 84. Umenunua gari la gharama zaidi ili ule mafuta zaidi, kwa sababu unabeba betri nzito isiyo na kitu. Na hili si jambo la watu wachache wazembe. Ripoti ile ile ya Tume ya Ulaya ilikuta magari ya aina hii yakitoa kaboni dioksidi mara 3.5 ya namba ya karatasi kwa wastani. Karatasi inadhani unachaji. Watu hawachaji, au hawachaji vya kutosha.

Swali ni moja na lijibiwe kwa ukweli: unapolaza gari, kuna soketi hapo? Isiwe ya kupanga kuweka mwakani. Kama haipo, ruka sehemu hii yote. Kama ipo, na una safari fupi siku za kazi na ndefu mwisho wa wiki, itazame Mercedes E 300 de, iliyounganisha injini ya dizeli na betri ya kilowati-saa 13.5. Ni mchanganyiko adimu, na kwa mtu wa maisha ya namna hiyo naona ndio ulinganifu bora kuliko wote.

Gari zuri likiwa na kasoro ndogo

Niliwahi kuwa na sedani ya petroli ya silinda sita iliyokuwa ikitumia lita 105 kwa kilomita 1,000. Ndani ya mwezi ikapanda hadi 125. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha kichujio cha hewa, nikasafisha nozeli. Hakuna kitu. Fundi mmoja mzee hakufungua hata boneti. Aliniuliza, "Ukiwa barabara kuu, mshale wa joto unakaa wapi?" Nikagundua ulikuwa haufiki katikati, ulipanda kwenye foleni tu. Thamostati ilikuwa imekwama wazi, injini inapozwa muda wote, na kompyuta ikidhani ndiyo kwanza asubuhi inaendelea kuongeza petroli ya kuwashia injini baridi. Kifaa kinaingia kwenye kiganja cha mkono. Tangu siku hiyo mshale wa joto ndio kitu cha kwanza ninachotazama kwenye gari la mtu.

Breki inayoshika ni ya pili. Baada ya mwendo wa nusu saa, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, gari hilo linaburuta breki na linakunywa kwa ajili hiyo.

Mwendo nao hausameheki. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 100 kwenda 120 kwa saa, hewa inakuzuia kwa asilimia 44 zaidi. Sedani zina bahati ya kuwa chini na laini. E-Class ya 2016 ilitangazwa na kigezo cha upinzani wa hewa cha 0.23, namba ambayo gari la kifamilia lililoinuka juu halisogelei. Ukiongeza rimu za inchi 20 na tairi pana kwa ajili ya sura, unairudisha faida hiyo mkononi mwa upepo. Vivyo hivyo mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne: kama njia zako ni za lami kavu, unabeba shafti na uzito ambao mafuta yako yanaulipia kila siku.

Ningechagua nini

Aliye kwenye foleni kila siku achukue haibridi kamili, ES 300h au Crown, asitafute zaidi. Huyo ndiye mwenye la kupata kuliko wote, na ndiye mara nyingi ninamwona amenunua tabo la Ulaya kwa sababu ya sauti yake.

Anayekula kilomita nyingi za barabara kuu achukue dizeli ikiwa mafuta safi yapo. Yasipokuwepo, haibridi tena, avumilie kelele za mlimani. Anayetembea kilomita chache kwa mwaka, na anayapenda magari kwa moyo, achukue petroli yenye tabo wala asijisumbue na mahesabu: kwa kilomita 6,000 kwa mwaka, tofauti kati ya 84 na 53 ni lita 186, na pengine furaha yake ni kubwa kuliko hizo. Mwenye soketi nyumbani ameshasoma yake.

Ukishachagua aina, lipime lile gari lenyewe. Namba ya dashibodi mara nyingi ina matumaini kuliko ukweli, kwa hiyo ukishalimiliki tumia pampu: jaza mpaka pampu ikatike yenyewe mara ya kwanza, usiongeze, weka kihesabu cha safari sifuri, tembea mpaka tangi likaribie kwisha, rudi pampu ile ile, jaza hadi ikatike tena. Lita ulizojaza gawanya kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 1,000. Rudia tangi la pili, maana moja halitoshi kuamini.

Kabla ya kununua huna nafasi ya matangi mawili. Omba ulikute injini ikiwa baridi, ufute wastani wa mafuta kwenye skrini, kisha uende njia yako mwenyewe, saa yako ya kawaida, kwenda na kurudi ili milima ifutane. Muuzaji atakupa dakika ishirini za kuzunguka mtaa wake. Mwombe saa moja, na iwe ile saa ya foleni.